Sayansi si katekismu: neno juu ya masomo ya sayansi katika sekondari zetu

Si zamani tuliitwa kusaidia mtihani wa mdomo katika sekondari moja ya misioni. Tukamwuliza kijana wa mwaka wa tano: «Gazi karboniki ni nini?» Akasimama wima, mikono nyuma, akajibu bila kusita: ni gazi isiyo na rangi wala harufu, nzito kuliko hewa, nayo yazima moto. Jibu zuri, neno kwa neno kama lilivyoandikwa katika daftari. Tukamwuliza tena: «Basi, mazuku ni nini?» Akacheka kidogo, akamtazama mwalimu wake. Akasema mazuku ni upepo mbaya ulioko karibu na nyumba ya shangazi yake, uliowaua mbuzi wao wawili, na jirani wasema ni ulozi. Hakujua ya kuwa ametupa jibu lile lile mara mbili.

Wale wasiokaa upande wa Goma na Sake pengine hawajui neno hili. Katika mabonde madogo ya mawe ya volkano, gazi karboniki hutoka chini ya udongo na kulala humo kama maji katika bakuli, maana yaishinda hewa kwa uzito: hewa ikiwa 29, yenyewe ni 44. Usiku na alfajiri, upepo ukitulia, hujaa. Mtu mzima aweza kupita kichwa kikiwa juu yake. Mtoto aweza kuzama ndani, na aliyelala chini haamki. Kijana wetu alikuwa na maarifa yote ya kumwokoa mdogo wake, nayo yalikaa katika daftari.

Hapa lipo kosa tunalotaka kulisema wazi. Katika shule zetu twafundisha sayansi kama tulivyofundishwa katekismu: swali, jibu, kukariri. Mambo ya imani tumeyapokea kwa mwingine. Hakuna mtoto atakayeupima Utatu Mtakatifu kwa mizani, na jibu fupi la katekismu lamsaidia kulishika neno lisilotoka kwake. Lakini gazi karboniki haikufunuliwa na manabii. Kopo, bikarbonati ya sokoni, maji ya ndimu, na kipande cha mshumaa kilichobaki sakristiani: mimina gazi juu ya mshumaa unaowaka, polepole, kama anayemimina maji, na kalasi nzima itaona mwali unakufa ingawa hakuna kitu kinachoonekana kumiminwa. Kazi ya robo saa. Twajua shule ambazo hazijaifanya hata mara moja.

Tutwae mfano mwingine, tena wa mtawa. Gregor Mendel, Mwagustino wa Brno, alipanda njegere katika bustani ya monasteri tangu 1856 hata 1863, akaandika matokeo yake mwaka 1866. Wanafunzi wetu wote wajua kukariri: «Tatu kwa moja.» Lakini Mendel hakuona tatu kwa moja hata siku moja. Aliona mimea 705 ya maua ya zambarau na 224 ya maua meupe. Mbegu 5474 za mviringo na 1850 zenye mikunjo. Gawanya wewe mwenyewe: mara ya kwanza yazidi tatu kidogo, mara ya pili yapungua kidogo. Ilimpasa kuhesabu sana, kiisha kuthubutu kusema ya kwamba nyuma ya hesabu hizo zisizo sawa kuna sheria moja. Jambo hilo ndilo sayansi, na ndilo tunaloliacha nje. Anayepewa tatu kwa moja tu amepewa ganda, naye atadhani ya kwamba wataalamu husoma ukweli mahali fulani palipofichwa.

Tutajibiwa: hakuna falanga. Ni kweli, minervali haitoshi, na mwalimu asiyelipwa vizuri hatanunua bikarbonati kwa mfuko wake. Lakini si kweli yote. Katika shule moja (tusiitaje) tulionyeshwa kabati ya laboratwari yenye mizani na mikroskopi mbili, zote mpya. Ufunguo ulikuwa kwa padri mkuu, ili visiharibike. Havikuharibika. Miaka sita wanafunzi wamepita mbele ya kioo cha kabati ile wakitazama. Tukakumbuka ya kuwa mwaka 1959 reaktori ya kwanza ya nuklea katika Afrika nzima iliwashwa katika Universite Lovanium, nyumba ya Eklezya, pale Kinshasa iliyoitwa bado Léopoldville. Leo twaogopa kutoa mizani kabatini.

Kuna hofu nyingine, nayo yatuhusu sisi wapadri. Mwalimu mmoja alituambia ya kwamba huruka fungu la mageuzi ya viumbe, kwa sababu «Padri hatapenda». Padri gani? Pius XII, katika barua Humani Generis ya mwaka 1950, aliwaacha wataalamu wachunguze asili ya mwili wa mtu, akishika ya kuwa roho yaumbwa na Mungu; na Yoane Paulo II mwaka 1996 alisema elimu hiyo ni zaidi ya dhana tu. Mwalimu yule ni mkatoliki kuwapita mapapa.

Msiseme haya ni mambo ya shule tu. Tangu Agosti 2018 hata Juni 2020, Ebola ilishika watu 3470 katika Nord-Kivu na majirani yake, ikawaua 2287. Mwezi wa Februari 2019, vituo vya kuwatunza wagonjwa kule Katwa na Butembo vilichomwa moto. Hofu ya watu ilikuwa na sababu nyingi, vita na siasa zikiwamo, wala hatusemi kalasi ya biolojia ingeyazuia yote. Lakini tulisikia kwa masikio yetu vijana wenye diplome ya Leta, sehemu ya biolojia na kemia, wakisema ugonjwa huo haupo. Walikuwa wamekariri virusi kwa ajili ya mtihani, mtihani ukapita, virusi vikapita pamoja nao.

Kwa hiyo tunawaomba walimu na waseminari walio katika stage jambo dogo. Tieni maharagi 50 mekundu na 50 meupe katika chungu kimoja, na vile vile katika cha pili. Kila mwanafunzi atoe moja katika kila chungu bila kutazama, aandike, ayarudishe, mara mia. Ahesabu ni mara ngapi alipata walau jekundu moja. Mmoja atapata 71, mwingine 78; mwalimu asisahihishe. Mtuandikie hesabu zenu, hata za mwanafunzi aliyekosa kabisa kufika karibu na 75, nasi tutazichapa.