Mzinga wa Uani Huanza na Maji

Anayeleta mzinga wa sanduku nyumbani kwake aghalabu hufikiria mbao kwanza, kisha nta ya kupaka ndani ili kundi livutiwe, kisha maua. Maji huja mwisho, au hayaji kabisa. Katika kata ya Kasansa, kwenye Halmashauri ya Mpimbwe mkoani Katavi, mpangilio huo hauna nafasi ya kufaulu. Bonde la Rukwa lina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, na baada ya hapo nchi hukauka kwa karibu nusu mwaka. Hoja ninayoitetea ni kwamba kinachomfanya nyuki abaki uani ni maji ya kiangazi, na kwamba mimea nayo ichaguliwe kwa kuangalia miezi ya njaa, si kwa wingi wa maua yake wakati kila kichaka kimechanua.

Tuutazame ufugaji ulivyofanywa kabla ya sanduku. Mfugaji wa zamani katika nchi ya miombo hakumwekea nyuki chochote. Alichonga magogo mengi, akayatundika juu ya miti porini, akaondoka. Gogo lilipohamwa kiangazi hakuona hasara kubwa, maana halikumgharimu ila jasho lake, na maua yaliporudi makundi mengine yaliingia. Mfumo mzima ulisimama juu ya ukweli kwamba nyuki wetu huhama. Nyuki wa nyanda za Afrika Mashariki, ambaye wataalamu humwita Apis mellifera scutellata, si kama ndugu yake wa Ulaya anayejifungia ndani na akiba yake hadi baridi ipite. Chakula kikipungua na maji yakiwa mbali, kundi zima huacha masega na kutafuta makazi mengine. Kuhama kwake ndiko kulikokuwa suluhisho la kiu, na mfugaji hakuwa na haja ya kumzuia.

Sanduku limegeuza hesabu hiyo. Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ya 1998 na Sheria ya Ufugaji Nyuki ya 2002 zilifungua njia, na Mizengo Pinda, mwenyeji wa Kibaoni katika Mpimbwe hiyohiyo, alipokuwa Waziri Mkuu kati ya 2008 na 2015 aliupigia debe sana ufugaji wa kisasa, naye mwenyewe akiwa mfugaji. Ilikuwa kazi njema, na mti usiobanduliwa gome kwa ajili ya mzinga ni faida kwa wote. Lakini katika kampeni za namna hiyo kilicho rahisi kuhesabu ni mizinga, na maji hayahesabiwi. Mtu mwenye magogo hamsini porini anaweza kuvumilia nusu yake yakiwa matupu. Mwenye masanduku matatu uani, aliyoyalipia mbao, misumari na fundi, hawezi. Akitaka nyuki asihame, lazima ampe kile alichokuwa akikifuata kwa kuhama.

Kwa nini maji yatangulie maua? Nyuki huyatumia kwa kazi mbili kubwa. Ya kwanza ni kupoza mzinga: watoto hukua vizuri katika joto la nyuzi 34 au 35 hivi za Selsiasi, na jua la Oktoba likilipiga sanduku, vibarua hutandaza matone juu ya masega na kupepea kwa mbawa hadi yageuke mvuke. Ya pili ni kuzimua asali ili walezi waweze kuitumia kuandaa chakula cha watoto. Mwaka 1954 mtafiti wa Kijerumani Martin Lindauer alieleza jinsi kundi linavyojipanga kwa kazi hiyo. Mchota maji akirudi hupokelewa na nyuki wa ndani, na kwa jinsi anavyopokelewa upesi au kwa kusuasua hujua kama aende tena. Akiba ya maji mzingani ni ndogo mno. Sehemu kubwa ya mbochi ni maji, kwa hiyo maua yakiwa mengi haja ya kuchota hupungua; maua yakikoma, kundi hula asali iliyokwisha kukaushwa, ambayo maji yake hayafiki hata sehemu moja ya tano. Kwa nyuki, basi, njaa na kiu huja pamoja.

Kalenda ya miombo inatilia nguvu hoja hii. Baadhi ya miti yake huchanua wakati wa mvua na kuelekea mwisho wake, ndipo asali ya msimu mkubwa ikavunwa katikati ya mwaka. Miyombo yenyewe hutoa majani mapya na maua kabla ya mvua, kwa nguvu ya mizizi mirefu. Katikati kuna pengo, hasa Juni hadi Agosti. Pengo hilo likipita, Septemba na Oktoba huleta jambo la ajabu: msitu una maua, lakini mabonde hayana maji. Mto Katuma, unaoihudumia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, hupungua hadi viboko wakalundikana kwenye madimbwi ya tope. Kundi lililoko kwenye vijiji vya bondeni, ambako msitu umetoa nafasi kwa mpunga na mahindi, hutumia nguvu nyingi kurukia mbali kwa ajili ya tone la maji, na nguvu hiyo ni asali.

Kumpa maji si kazi ngumu, ila ina masharti. Karai au beseni pana lijazwe kokoto na magunzi ya mahindi ili nyuki apate pa kutua, kwani kwenye kina kitupu huzama. Lililo bora zaidi ni dumu lililotobolewa tundu dogo, likidondosha maji juu ya jiwe lenye mteremko au gunia lililokunjwa. Chombo kiwe kivulini, hatua kadhaa kutoka mzingani, na kisikauke hata siku moja. Nyuki aliyezoea mahali huendelea kurudi hapohapo, hivyo ukianza Agosti, baada ya kundi kujifunza njia ya bomba la kijiji au zizi la ng'ombe, umechelewa. Maji yaanze kuwekwa Mei, mitaro ikiwa bado ina unyevu. Nyuki huvutwa pia na maji yenye harufu na chumvi kidogo, kwa hiyo maji yaliyokaa na majani yanamfaa kuliko maji maangavu. Maji yenye sabuni yasiwekwe.

Hapa kuna pingamizi ambalo sithubutu kulipuuza: maji hayo nani atayachota? Kiangazi ndoo hubebwa kichwani, na mara nyingi mbebaji ni mama au binti. Kundi kubwa siku ya joto kali linaweza kutumia hadi lita moja hivi, kwa hiyo dumu la lita 20 linaweza kutosheleza mizinga mitatu kwa takribani wiki, ukiondoa yanayopotea kwa mvuke. Ni mzigo, nao uhesabiwe kama gharama ya ufugaji na ubebwe na mwenye mizinga. Pia nyuki asiyewekewa maji hataacha kunywa. Atakunywa pale mama anapochota, na watoto wataumwa kisimani. Pingamizi la pili ni mbu, na katika bonde lenye malaria lina uzito. Jibu lake ni usafi: yai la mbu huhitaji wiki moja hivi au zaidi hadi liwe mbu anayeruka, hivyo beseni likimwagwa na kusuguliwa kila baada ya siku tatu au nne mbu hapati nafasi.

Maji yanayomwagwa yasipotee, na hapo ndipo bustani inapoingia. Mbaazi za muda mrefu, zikipandwa pamoja na mahindi mvua zinapoanza, hubaki shambani mahindi yakishavunwa na kuchanua katikati ya kiangazi bila kumwagiliwa; sioni zao lingine linalomfaa nyuki wa Mpimbwe kwa gharama ndogo kiasi hicho, na familia inakula mbaazi hizo. Mwembe na mkorosho nayo huchanua miezi hiyo. Mlonge hutoa maua mara nyingi kwa mwaka, na kivumbasi au mrehani karibu na beseni huishi kwa maji ya kusuuzia. Mwenye bustani ya umwagiliaji aongeze maboga na matikiti, ambayo bila mdudu wa kuchavusha hayazai. Alizeti ni nzuri, lakini huko huchanua wakati ambapo nyuki hana shida kubwa, kwa hiyo isitegemewe kuziba pengo. Na anayenyunyizia bustani sumu asubuhi maua yakiwa wazi anabomoa alichojenga. Kama ni lazima, anyunyize jioni nyuki wakisharudi.

Wapo watakaosema nyuki wetu ni mkali mno kukaa karibu na watu. Ni kweli ni mkali, na mzinga haufai kuwekwa mlangoni, njiani wala jirani na shule au zizi. Uani Kasansa maana yake ni mwisho wa kiwanja, nyuma ya ua wa mbaazi au milonge iliyopita kimo cha mtu, ili nyuki wapande juu wanapotoka, na mzinga ufunguliwe usiku au jioni. Kiwanja kisicho na nafasi hiyo hakifai kwa nyuki hata kikiwa na maji na maua tele. Mwenye nafasi, aliye tayari kubeba dumu lake mwenyewe hadi mvua zirudi, apande mbaazi Desemba, aweke beseni Mei, na fundi wa sanduku amwite baada ya hayo.