Matandiko ya Farasi Kitengela: Hesabu Inaanzia kwenye Lundo la Samadi

Jua linapokaribia kuzama katika nyanda za Athi na Kaputiei, farasi huingizwa bandani, na sababu si fisi na simba peke yao. Visubi huanza kuuma magharibi na hawatulii hadi alfajiri, na hao ndio wabebaji wa virusi vya homa ya farasi ya Afrika. Pundamilia hukaa na virusi hivyo bila kuugua, na pundamilia si mgeni Kitengela: hutoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi na kutawanyika kusini katika malisho ya Kajiado mvua zinaponyesha. Punda wa Wamaasai nao mara nyingi huambukizwa wakapona bila mtu kujua. Farasi hana bahati hiyo. Wasio na kinga wakiambukizwa, wengi wao hufa. Kwa hiyo hata aliyechanjwa hufungiwa kabla giza halijaingia, tuseme saa kumi na moja na nusu jioni, na hatoki hadi saa moja asubuhi. Zaidi ya nusu ya maisha yake anaipitisha juu ya kile alichotandikiwa, na ndiyo sababu suala la matandiko linastahili hesabu ya makini kuliko linayopewa.

Farasi wa kilo 500 hutoa zaidi ya kilo 20 za kinyesi na mkojo kwa siku, na mkojo peke yake ni kati ya lita 7 na 10. Mkojo una urea, na bakteria walio kwenye kinyesi huivunja urea hiyo ikawa amonia. Gesi hii huzalishwa sakafuni, mahali pale pale farasi anapoinamishia kichwa kula na anapoweka pua akilala. Na lazima alale: farasi husinzia akiwa amesimama, lakini usingizi wake mzito, wa kati ya nusu saa na saa moja kwa siku, hauji mpaka alale chini. Anayetandikiwa vibaya hukataa kulala, au hulala akivuta amonia na vumbi la ukungu. Mapafu yakishazoea kuvimba hivyo huwa vigumu kuyarudisha. Mmiliki akisikia kikohozi kila asubuhi asilaumu baridi ya Julai kabla hajachunguza sakafu.

Wenye farasi wa Ulaya wakizungumzia matandiko bora, wengi hutaja kiini cha shina la bangi ya viwandani, ile isiyolevya. Shina la mmea huo lina sehemu mbili. Nje kuna nyuzi ndefu imara, na ndani kuna kiini chepesi kinachofanana na mti laini, ambacho ni karibu robo tatu ya uzito wa shina lote. Kiini hicho kikikatwakatwa na kupepetwa vumbi hunyonya maji mara 3 hadi 4 ya uzito wake, wakati maranda ya mti laini hunyonya kama mara 2 na ya mti mgumu kama mara moja na nusu. Farasi wengi hawakipendi mdomoni. Kikitoka bandani huoza upesi kuliko mbao.

Jambo ambalo husahaulika ni jinsi biashara hiyo ilivyowezekana. Ufaransa, ushirika wa wakulima wa La Chanvrière katika mkoa wa Aube ulianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya nyuzi. Uingereza iliruhusu tena kilimo hicho kwa leseni mwaka 1993, na kampuni ya Hemcore ya Essex ikajenga biashara yake kwa kuuza nyuzi viwandani na kiini kwa wenye farasi. Kiini ni mabaki. Kina bei ambayo mwenye farasi anaimudu kwa sababu kuna mnunuzi mwingine anayelipia nyuzi, na kwa sababu kuna mtambo wa kutenganisha viwili hivyo karibu na shamba. Ukiondoa kimoja kati ya hivyo, mkulima hana sababu ya kupanda.

Kenya havipo vyote viwili, na sheria ya mwaka 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya haitenganishi bangi ya kulevya na bangi ya nyuzi. Kifungu chake cha 6 kinampa anayelima kifungo cha hadi miaka 20. Hata kama kiini kikavu kingepokelewa bandarini Mombasa, huo ni mzigo mwepesi unaojaza kontena muda mrefu kabla ya kulifikisha uzito wake, na mnunuzi wa Kitengela angekuwa analipa nauli ya hewa. Mtu mwenye farasi hapa hana haja ya kusubiri Bunge. Sifa zinazokifanya kiini hicho kipendwe zinaweza kutafutwa moja moja katika vitu vilivyopo: kunyonya, kutokuwa na vumbi, kutoliwa, na kuoza haraka. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo wengi huiweka chini kabisa ya orodha. Mimi naiweka juu, na nitaeleza kwa nini.

Mabua makavu ya ngano kutoka Narok yana sura nzuri bandani na huoza vizuri. Lakini farasi huyala, na anayeshiba mabua makavu hukaribisha msokoto wa tumbo. Mabua ya zamani pia hubeba ukungu mwingi. Kajiado kuna pingamizi la tatu, ambalo kwangu ni zito kuliko hayo mawili. Kati ya mwaka 2020 na 2022 mvua zilishindwa misimu mitano mfululizo, na Kenya ilipoteza zaidi ya mifugo milioni 2. Miezi ile robota la mabua lilikuwa uhai wa ng'ombe wa mtu. Kulitandaza lichafuliwe wakati jirani anainua ng'ombe wake kwa mikono asubuhi ni jambo ambalo sitalipendekeza kwa yeyote anayeishi na watu.

Maganda ya mpunga kutoka Mwea hayana ushindani huo. Ni kama sehemu moja ya tano ya uzito wa mpunga unaokobolewa, kwa hiyo yapo tele. Tatizo ni kwamba yamejaa silika na uso wake hauruhusu maji kuingia: mkojo hupita kati yake ukakusanyika chini. Huoza polepole mno. Ninayaona yakifaa kama tabaka la chini tu, na si kitanda kizima. Makumbi ya nazi yaliyosagwa hunyonya vizuri kuliko karibu kila kitu, ila yako Kilifi na Kwale. Mchanga wa mito ya Kajiado usiutumie kwa farasi anayekula chini. Ataumeza, na utajaa tumboni.

Yanabaki maranda, na hapa ndipo pa kukaa.

Kitengela imezungukwa na mafundi wa mbao, na maranda huuzwa kwa gunia. Mwenye farasi hugombea gunia hilo hilo na wafugaji wa kuku, ambao ni wengi na hununua mapema. Serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018, viwanda vya mbao nchini vilikosa magogo, na mbao za Tanzania zinazopita Namanga zikawa tegemeo kubwa zaidi. Anayetegemea fundi mmoja hujikuta bila kitu. Lakini shida kubwa zaidi ya gunia la maranda ni kilichomo ndani yake.

Kiwanda kinachopasua paini na saiprasi pekee hutoa maranda unayoweza kuyaamini. Fundi wa samani ni habari nyingine. Kwenye sakafu yake huanguka mahogani, mvule, vumbi la MDF lenye gundi, rangi iliyosuguliwa na misumari, na yote hufagiliwa pamoja. Mti mgumu hunyonya kidogo. Vumbi la MDF ni laini mno na gundi yake hukera njia ya hewa. Baya kuliko yote ni mabaki ya nguzo zilizotiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki, zile zenye rangi ya kijani. Hayo ni sumu, na farasi huonja chochote. Marekani inajulikana vizuri kwamba maranda ya mti wa walnati mweusi, hata yakiwa machache, huvimbisha kwato kwa ndani hadi farasi asiweze kusimama. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji si bei ya gunia. Muulize: mashine yako inaranda mti gani leo? Asipojua, tafuta mwingine.

Ukipata maranda safi, yapepete. Chekeche ya waya ya kuchekechea kokoto ndogo inatosha: vumbi la mbao lianguke, vipande bapa vibaki. Saisi afanye kazi hiyo nje, akisimama upande upepo unakotoka, akiwa amefunika pua, na farasi wasiwepo. Unapoteza sehemu ya gunia, lakini umepata kitu kilicho karibu zaidi na kile wenzetu wa Ulaya wanacholipia. Kabla ya kununua mengi, jaribu. Pima kilo moja ya maranda kwenye mfuko wa kitambaa, uloweke usiku kucha ndani ya maji, uning'inize mpaka uache kuchuruzika, upime tena. Uzito ulioongezeka ndio uwezo wa gunia hilo, na ndio unaopaswa kulipiwa. Gunia la bei ya chini linalonyonya nusu hukulazimisha kutumia mawili.

Yote haya hayafai kitu kama sakafu ni mbaya, na udongo mweusi wa Kitengela ni mgumu kwa sakafu. Ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukilowa huvimba na kuyashikilia maji kama sifongo. Banda lililojengwa juu yake moja kwa moja huwa na dimbwi la mkojo chini ya kitanda kikavu. Udongo huo uondolewe hadi tabaka gumu, pajazwe mawe na marram iliyoshindiliwa, kisha zege lenye mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea mfereji. Ukiweka zulia la mpira juu yake, unahitaji maranda ya kunyonya tu na si ya kumkinga farasi na ugumu. Bila zulia, banda la mita 3.6 kwa 3.6 lenye kitanda cha sentimita 15 humeza karibu mita 2 za ujazo za maranda mara ya kwanza. Baada ya hapo saisi huzoa kinyesi na sehemu iliyolowa tu, kila siku, na kujazia.

Sasa lile lundo la samadi. Uchaguzi wa matandiko kwa kawaida huishia mlangoni mwa banda, wilbaro ikishatoka. Lakini aina ya kisubi anayebeba homa ya farasi kwa wingi zaidi Afrika huzaliana kwenye tope lenye samadi. Nzi wanaouma huzaliana kwenye matandiko yaliyolowa mkojo. Lundo linalooza taratibu nyuma ya banda, mvua za Machi hadi Mei zikilitiririsha kwenye udongo mweusi, huzalisha adui yule yule aliyetufanya tuwafungie farasi ndani. Ndiyo maana kasi ya kuoza nimeiweka juu.

Na hapo maranda yana udhaifu wa kweli. Kaboni katika mbao inaweza kuwa mara 200 hadi 500 ya naitrojeni; mabua ya ngano yana kama mara 80, na lundo huoza vizuri likiwa na mara 25 hadi 30. Maranda yakiachwa peke yake hukaa mwaka na zaidi, na mkulima akiyamwaga shambani mabichi huinyang'anya mimea naitrojeni, kisha harudi tena kuchukua mengine. Dawa yake iko kwa yule mfugaji wa kuku mliyegombea naye gunia: mbolea ya kuku ina naitrojeni nyingi. Panga tabaka la matandiko ya farasi, tabaka jembamba la mbolea ya kuku, na maji. Maji ya Kitengela mara nyingi hununuliwa kwa bowza, kwa hiyo tumia kwanza yale yanayooshea ndoo, na katika Agosti yenye upepo mkavu funika kwa turubai ili unyevu usitoroke. Lundo likifika nyuzi joto 55 kwa siku tatu mfululizo, mayai ya minyoo na viluwiluwi vya nzi hufa. Lipinduliwe ili lililokuwa nje liingie ndani, likapashwe moto nalo.

Lijengwe juu ya zege au marram iliyoinuliwa, lenye ukingo na shimo la kukusanya maji machafu, na lisiwe upande ambako upepo wa jioni unatoka kuelekea bandani. Turubai hilo hilo la Agosti litakuwa na kazi nyingine mvua za Oktoba zikianza: kuzuia maji yasiingie. Samadi ikiiva ikawa nyeusi na isiyonuka, wakulima wa vitunguu na nyanya wa Kajiado wanayo matumizi, na kinachopatikana hapo kitolewe kwenye bei ya gunia la maranda kabla hujasema ni ghali.