Matairi Ishirini na Mawili

Dereva mzuri wa semi hajulikani. Anayejulikana ni yule aliyepinduka Sekenke, ambaye picha za gari lake zinazunguka kwenye simu kabla trafiki hawajafika. Mwenzake aliyeshuka mlima huohuo usiku huohuo na mzigo wa uzito uleule, akafika Igunga, akala ugali kwa nyama na kulala, hana wa kumwandika. Kazi yake ikifanyika sawasawa haiachi alama yoyote barabarani. Nimekaa na watu hawa kwenye maegesho ya Nala na ya Manyoni, nikawatazama mikono zaidi ya nilivyowasikiliza, na naamini hii ni fani kamili, yenye adabu zake na mafundi wake, ingawa wengi wetu tunaihesabu kuwa kazi ya kukaa na kuzungusha usukani.

Njia wanayoipita ni ya kale. Misafara ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, ilikatiza Ugogo kati ya Bagamoyo na Tabora miaka mingi kabla ya reli ya Wajerumani kufika Dodoma mwaka 1910. Watemi wa Kigogo waliitoza hongo, kwani wao ndio waliokuwa na visima katika nchi yenye msimu mmoja tu wa mvua. Mzigo wa leo unatoka bandari ya Dar es Salaam: mafuta, ngano, mbolea, vyuma, makontena ya Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Hadi Rusumo, mpakani na Rwanda, ni zaidi ya kilomita 1,200, na kipande kinachompima dereva ni uwanda wa kati. Unapanda Gairo, unapita Kibaigwa penye soko kubwa la mahindi, Mbande, Chalinze Nyama, Chamwino, jiji la Dodoma, Nala, Bahi, Kintinku, kisha mlima hadi Manyoni. Kutoka hapo Ikungi, Singida, Misigiri, na Sekenke yenyewe.

Mgeni akiitazama njia hii ataiona nyepesi. Lami imenyooka, pembeni mibuyu na mawe, mbele anga tupu. Waliopita miaka ya 1990, lami ikiwa haijavuka Dodoma kwenda Singida, wanakumbuka vumbi la kiangazi na magari yaliyozama kwenye tope kila masika. Siku hizi hatari imebadilika sura. Jua la saa nane mchana, barabara isiyo na kona na mwendo uleule wa kilomita 80 kwa saa, ambao ndio ukomo wa magari makubwa, humlaza mtu macho wazi. Dereva wa siku nyingi anazijua saa zake za udhaifu, hupanga kuzipitia akiwa ameegesha, na hababaiki na simu ya ofisini inayouliza mbona gari limesimama.

Matairi kwanza, maana wao huanza nayo. Semi ya ekseli sita ina matairi 22: mawili ya usukani, manane ya nyuma ya kichwa, kumi na mawili ya tela. Kabla ya kuwasha injini, dereva au utingo huchukua kipande cha nondo akalizunguka gari akiyagonga moja baada ya jingine. Tairi lenye upepo wa kutosha hurudisha chuma mkononi na kutoa sauti kavu. Lililopungua hulimeza pigo, na chuma hakiruki. Ugumu uko kwa lile la ndani, lililojificha nyuma ya pacha wake. Likiishiwa upepo, la nje hubeba mzigo wa mawili, na kwenye lami ya Dodoma mwezi wa kumi na moja halichukui muda mrefu kabla ya kupasuka au kushika moto.

Asubuhi moja hapo Nala nilimtazama dereva wa makamo, mtu wa Kondoa, akifika kwenye ekseli ya mwisho ya tela lake. Aligonga mara moja, akanyamaza, akagonga la jirani, akarudi kwa lile la kwanza. Utingo wake alikuwa ameshalipitia na kusema zima.

“Mwanangu, njoo usikie hili na lile.”

Kijana akagonga yote mawili. “Mzee, mbona naona sawa tu?”

“Unakibana chuma. Kishike kilegevu, kiache kirudi chenyewe.”

Akagonga tena, taratibu, mara kadhaa. Safari hii uso wake ulibadilika. Walipolifungua wakakuta msumari umezama kabisa kwenye mpira, upepo ukivuja kidogo mno kuonekana kwa macho. Kulifungua tairi la ndani ni kazi ya jeki, bomba la kuongezea urefu wa spana na jasho la saa nzima, na yule mzee aliifanya yote bila kumlaumu kijana hata kwa neno moja.

Gari likishatembea, kituo cha kwanza kina kazi nyingine. Dereva hushuka, huzunguka, na kuweka mgongo wa kiganja kwenye kila habu kama mama anayepima homa ya mtoto. Hutumia mgongo wa kiganja kwa sababu ngozi ya huko ni nyepesi na huhisi haraka, na chuma kikiwa cha moto mno mkono hujiondoa wenyewe badala ya kukikamata. Habu zote zikiwa na joto moja, safari inaendelea. Moja ikizidi wenzake, ama beringi imeanza kufa ama breki ya gurudumu hilo haiachii. Kitu nilichokuwa sikijui, mpaka nilipofundishwa, ni kwamba habu ya baridi nayo ni ya kuogopa. Maana yake breki ya hapo haishiki, na nyingine zinaifanyia kazi yake. Kwenye tambarare ya Bahi hilo halitaonekana. Litaonekana mlimani.

Mizani nayo ina ujuzi wake, japo nitaipita haraka. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ni ya mwaka 2016, na Tanzania ilianza kuitekeleza 2019. Inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, 18 kwenye ekseli mbili za nyuma ya kichwa, na 24 kwenye tatu za tela, yaani tani 50 kwa gari la ekseli sita. Vigwaza, Nala, Njuki, Mwendakulima: gari lilelile hupimwa tena na tena, na jumla inaweza kuwa halali huku ekseli moja imezidi. Magunia ya mbolea hutulia na kusogea safarini, kila breki ya ghafla ikiyasukuma mbele. Ndiyo maana fundi hasinzii wakati wa kupakia. Husimama na wapakiaji akisema hapa ongeza, pale punguza, na hukumbuka kwamba hata lita 600 za dizeli ni kama nusu tani. Mzigo wameuamua wengine, lakini ekseli ikizidi, anayeitwa dirishani kujieleza ni yeye.

Kati ya Kintinku na Manyoni barabara inapanda ukingo wa Bonde la Ufa, kutoka mbuga za mpunga za Bahi hadi uwanda wa juu, karibu mita 400. Kupanda kunataka sikio. Gia hubadilishwa mapema, injini ikiwa bado na nguvu. Ukichelewa, gari linakufa mwendo kati ya gia mbili, na tani 50 zilizosimama mlimani zinataka kurudi zilikotoka. Niliopanda nao hawakuangalia mshale hata mara moja.

Kushuka ndiko kunakomtenga fundi na mwenye leseni. Sekenke barabara inaporomoka kutoka uwanda wa Singida kwenda mbuga ya Wembere, na gari la kwenda Rwanda linaishuka likiwa limejaa. Uamuzi wote hufanyika juu, kabla ya kona ya kwanza. Gari huingizwa gia ileile ambayo lingeihitaji kuupanda mlima huo, breki ya injini, ile inayobana moshi usitoke, huwashwa, na mguu hukaa mbali na pedali. Asiyejua hukanyaga breki kidogo muda wote akidhani huo ndio uangalifu. Ngoma za breki hupata joto na kutanuka, pedali inazidi kwenda chini, na harufu ikishaingia ndani ya kabini mambo yameharibika. Anayejua huliacha gari liongeze mwendo kidogo, hukanyaga kwa nguvu mara moja mpaka lipungue kuliko alivyotaka, huachia, husubiri. Ngoma hupoa katika kusubiri huko. Kubadili gia katikati ya mteremko ni mwiko, kwani ikitoka na kukataa kuingia, injini haina tena mkono kwenye gari. Na simu ikiita, inaita mpaka inakata, hata akiwa mama watoto.

Wapo wanaotia gia huru mteremkoni ili wabakize dizeli. Siwatetei, wanacheza na roho zao na za wenzao. Lakini nimeona kinachowasukuma: mafuta ya safari yamepigwa hesabu ofisini mpaka lita ya mwisho, posho haitoshi, na kinachobaki kwenye tangi ndicho kitakacholipa ada. Mwenye gari anayebana namna hiyo anainunua ajali kwa fedha yake mwenyewe.

Kinachonigusa zaidi ni jinsi wanavyotunzana na watu wasiowajua. Lori likiwa mbele yako, indiketa ya kushoto ikiwaka ina maana mbele ni kweupe, pita. Ikiwaka ya kulia, tulia, kuna gari linakuja. Basi lenye abiria hutoka kwenye foleni na kuingia upande wa pili kwa kuamini taa hiyo peke yake, na dereva wa semi anayeiwasha amejitwisha dhamana ambayo hakuna anayemlipa kwa ajili yake. Gari likiharibika, utingo hukata matawi mabichi na kuyatandaza kwenye lami nyuma na mbele, kwa mbali, yamwonye anayekuja gizani. Sheria inataka pembetatu za kuakisi, lakini pembetatu huibiwa, matawi hayaibiwi. Fundi wa kweli akishatengeneza gari lake hurudi kuyaondoa. Wengi huyaacha yakauke hapo, na kwangu hilo ni kosa la kazi sawa na kuacha nati haijakazwa.

Kungoja pia ni sehemu kubwa ya kazi hii, tena isiyolipwa. Mtu hungoja bandarini, hungoja hati, hungoja kushusha. Machi 2020 maji yalipoikata barabara pale Kiyegeya, mkoani Morogoro, malori ya kwenda na kutoka Dodoma yalipanga foleni isiyoonekana mwisho. Miezi michache tu baadaye, kwa hofu ya korona, Rwanda ilitaka madereva wa kigeni wakabidhi magari yao Rusumo yaendeshwe na wengine, na wa kwetu wakagoma kuliacha gari mikononi mwa mtu wasiyemjua. Niliwaelewa. Anayejua kwamba breki ya ekseli ya tano inachelewa kuachia ni yeye, na hilo haliandikwi kwenye hati yoyote. Hata siku za kawaida mpaka huo una mtihani wake. Ng’ambo gari linahamia mkono wa kulia wa barabara huku usukani wake ukiwa kulia vilevile, kwa hiyo dereva anayetaka kupita gari jingine haoni mbele mpaka utingo aliye kiti cha kushoto amwambie.

Aprili 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma nchi nzima. Walipinga agizo la kurudi darasani kila wanapohuisha leseni, na walidai mikataba ya ajira. La mikataba naliunga mkono bila kusita. Fundi anayekabidhiwa gari na mzigo wenye thamani ya mamilioni mengi anastahili karatasi yenye jina lake, mshahara wake na siku zake za kupumzika.

La darasa sina ugomvi nalo, mradi gharama isiwe ya dereva. VETA Kihonda, Morogoro, wanafundisha udereva wa magari makubwa, na bila leseni ya daraja E huruhusiwi kuendesha semi. Ila mengi niliyoyaeleza hapa bado yanapita kutoka kiti cha kulia kwenda cha kushoto. Utingo huanza kwa kufunga turubai na kamba, kisha hupewa nondo ya matairi, kisha habu, na kila akizunguka gari anatakiwa atoe ripoti: ya pili kushoto ina joto, nyingine sawa. Akipata leseni, hukabidhiwa usukani gari likiwa tupu, asubuhi, kwenye tambarare ya kati ya Manyoni na Ikungi. Mlimani bado. Yule mzee wa Kondoa ana utaratibu wake. Kila wakikaribia mteremko humwuliza kijana, “Ngapi?” na kijana hutaja gia kabla mkono wa mzee haujaigusa. Tulipofika juu ya Sekenke kijana alijibu ya tano. Mzee akaingiza ya nne, na tukishuka akamweleza sababu, macho yakiwa barabarani: manyunyu yalikuwa yameilowesha lami, na ile breki ya tela waliyoikaza Manyoni, baada ya kukuta habu ya baridi, alikuwa hajaiamini bado.