Zimwi Likujualo: Mchumba wa Hatari katika Ngano na katika Riwaya za Kiajabu za Vijana

Waswahili husema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hii hutumiwa kumfariji mtu aliye mikononi mwa mwenye nguvu anayemfahamu: atadhurika, lakini hatamalizwa. Aghalabu msikilizaji huishika faraja hiyo akalisahau jambo lililokubaliwa kimyakimya ndani ya methali yenyewe, yaani kwamba zimwi linakula. Kujuana hakulizuii kula. Kunapunguza tonge tu. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba baadhi ya riwaya za kiajabu zilizopendwa mno na vijana katika karne hii zimejengwa juu ya faraja hiyo, na kuzilinganisha na ngano za mazimwi zinazojulikana katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet. Ulinganisho huo utadhihirisha yaliyopotea, na pia yale ambayo hata ngano zenyewe hazikuwa nayo.

Miongoni mwa Wakipsigis na ndugu zao Wanandi, zimwi mashuhuri ni chemosit. A. C. Hollis, katika kitabu chake juu ya Wanandi kilichochapishwa mwaka 1909, alieleza kuwa chemosit ni nusu mtu na nusu ndege, ana mguu mmoja na matako tisa, hutembea kwa kujiegemeza kwenye fimbo mfano wa mkuki, na kinywa chake chekundu hung'aa usiku kama taa. Lililo muhimu kwa mhakiki ni namna anavyowinda. Chemosit havunji mlango. Huimba usiku karibu na makazi ya watu, na watoto wanaouona mwanga na kuusikia wimbo hudhani kuna ngoma, wakatoka kuifuata. Taa inayowavuta ndiyo kinywa kitakachowala. Katika taswira hii moja fanani amekwisha kusema kwamba uzuri wa kitu si ushahidi wa wema wake, na kwamba hatari huweza kukaa palepale penye mvuto.

Katika ngano za jamii nyingine mvuto huo huvaa sura ya mchumba. Irimu wa Wakikuyu huja ngomani akiwa kijana wa kupendeza, na nywele zake zimeficha kinywa cha pili kisogoni. Katika riwaya ya Amos Tutuola, *The Palm-Wine Drinkard* (1952), iliyochota katika ngano za Wayoruba wa Nigeria, msichana anamfuata bwana mzuri aliyemwona sokoni. Njiani bwana huyo anavirudisha kwa wenyewe viungo alivyokodi, kimoja kimoja, mpaka anabaki fuvu. Mashamba makubwa ya chai yalipoanzishwa Kericho katika miaka ya 1920, yalikusanya katika kambi zake wafanyakazi kutoka Kisii, Ujaluo na Uluhya pamoja na Wakipsigis wenyewe. Mazimwi ya jamii hizo nayo yakawa majirani.

Hata hivyo, mhakiki asizisifu ngano hizi kupita kiasi. Fasihi ni zao la jamii, na jamii iliyozizaa ilikuwa na maslahi yake. Mara nyingi msichana anayeolewa na zimwi ni yule aliyewakataa wachumba wote wa kijijini akajichagulia mgeni. Adhabu yake ni fundisho: kiburi chake kimemponza. Mara nyingi pia anaokolewa na ndugu yake mdogo, tena yule aliyedharauliwa, ambaye aliona kinywa cha kisogoni mapema na hakuna aliyemsadiki. Ngano basi inamlinda msichana, lakini inayalinda vilevile mamlaka ya wazee na ng'ombe wa mahari. Mume mkatili aliyechaguliwa na wazee wenyewe hapati nafasi ya kuitwa zimwi. Hatari na uasi vimefungwa fungu moja, kana kwamba msichana mtiifu hawezi kuliwa.

Hapana shaka riwaya mpya za kiajabu zimependwa kwa sababu zimelifungua fungu hilo. Katika *Twilight* ya Stephenie Meyer (2005), Bella, msichana wa miaka 17, anampenda Edward, mnyonya damu mwenye sura ya kijana wa umri wake ingawa alizaliwa mwaka 1901. Msichana anachagua mwenyewe, na hadithi haimwadhibu kwa kutamani. Hili ni jambo la maana, na mhakiki anayewacheka wasomaji wa riwaya hii hajaelewa kilichowavuta.

Lakini tazama gharama yake. Edward anaingia chumbani mwa Bella usiku na kumtazama akiwa amelala, bila yeye kujua. Katika *Eclipse* (2007) anaiharibu gari yake ili asiende kumwona rafiki. Katika *Breaking Dawn* (2008) Bella anaamka siku ya pili ya ndoa mwili umejaa michubuko, na yeye ndiye anayembembeleza mume asijilaumu. Zimwi hili halifichi kinywa chake. Linamwambia msichana waziwazi kwamba linaitamani damu yake, na kukiri huko ndiko kunakohesabiwa kuwa mapenzi. Katika ngano, kukiona kinywa ni mwanzo wa kukimbia. Katika riwaya ni mwanzo wa uchumba. Dalili zote za hatari zimebaki, ila maana yake imegeuzwa.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya pekee ya kushtuka. Wakati wa ukoloni watu wa nchi hizi walimwogopa mumiani, mnyonya damu aliyehusishwa na wazungu, wazimamoto na matabibu, kama alivyoeleza Luise White katika kitabu chake cha mwaka 2000. Mumiani alikuwa sura ya mamlaka inayomfyonza mnyonge, na uvumi huo haukumfanya mchumba. Tena sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inataja kumfuatafuata mtu kuwa ni ukatili. Jambo ambalo riwaya inaliita mahaba, sheria ina jina jingine kwalo.

Yafaa kukiri kwamba waandishi wa aina hii wamejaribu kujisahihisha. Katika mfululizo wa Sarah J. Maas ulioanza mwaka 2015 na kuuzwa awali kama vitabu vya vijana, Tamlin, mpenzi wa kitabu cha kwanza, anamfungia Feyre ndani ya nyumba katika kitabu cha pili, naye Feyre anamwacha. Ni hatua kubwa. Lakini mpenzi anayeshika nafasi yake, Rhysand, ndiye aliyemlevya kwa mvinyo katika kitabu cha kwanza na kumchezesha mbele ya watu. Zimwi moja limefukuzwa mlangoni, jingine limepitia dirishani likiwa na maelezo mazuri zaidi.

Huenda mtu akauliza mambo haya yanamhusu nini msichana wa Kericho au Bomet. Mwezi wa Februari mwaka 2023 BBC ilitangaza uchunguzi ambamo wanawake zaidi ya 70 waliofanya kazi katika mashamba ya chai walieleza kwamba wasimamizi wao waliwadhulumu kijinsia, na Bunge la Kenya likaagiza uchunguzi. Mtu anayegawa kazi hahitaji sura ya kuazima wala nywele za kuficha kisogo. Anajulikana kwa jina, na anajua nani ana watoto wa kulisha. Ndiye zimwi likujualo hasa. Fasihi inayomfundisha msichana kwamba mwenye nguvu anayemtaka atalainishwa na uvumilivu wake inamnyang'anya silaha mbele ya mtu huyo. Ngano inayomfundisha kwamba aliyeliwa alijitakia inamnyamazisha baada ya kuliwa.

Kazi ya mtunzi wa hadithi za kiajabu kwa Kiswahili au Kikipsigis basi si kumrudisha chemosit kama alivyokuwa, wala kumvika suti. Ni kuvitenganisha vitu viwili vilivyofungwa pamoja: haki ya msichana ya kupenda, na hatari ya anayempenda. Mhusika wa kuanzia yumo tayari ndani ya ngano, yaani yule mdogo aliyekiona kinywa cha pili akapuuzwa. Watunzi wampe msichana mwenyewe macho hayo. Aione taa usiku, autamani wimbo, akijue kinywa. Na akirudi nyumbani kusema alichokiona, asadikiwe.