Springi ya Rili: Anza na Unene wa Waya

Kusi likishika, boti za uvuvi wa michezo huko Watamu, Shimoni na Nungwi huvutwa ufukweni, na rili zilizopambana na sulisuli na jodari kaskazi nzima hupanguliwa mezani. Gia mara nyingi bado nzima. Bodi ikisafishwa chumvi inarudi kung'aa. Kinacholaza rili kabatini mwaka mzima ni springi moja iliyokatika, kipande cha waya kisichofika uzito wa punje chache za mchele. Mwenye Penn Senator ana bahati, kwa kuwa rili hiyo ilianza kutengenezwa Philadelphia mwaka 1936 na vipuri vyake bado vinapatikana. Mwenye rili ya kiwanda kilichoacha kuitengeneza, au isiyo na jina kabisa, hana budi kutafuta springi ya kitu kingine.

Hapo ndipo mafundi wengi huuliza swali moja tu: inaingia? Ikiingia, wanafunga kifuniko na kumrudishia mwenyewe. Mimi nasema kuingia ndiyo sifa ndogo kuliko zote. Springi mbili zinaweza kukaa kwenye tundu lile lile, moja ikasukuma mara mbili ya mwenzake, na macho yasitambue tofauti.

Siri iko kwenye unene wa waya. Nguvu ya springi ya kubonyezwa hukua kwa unene huo ukizidishwa wenyewe mara nne. Waya wa milimita 0.5 ukiwekewa badala yake wa 0.6, mengine yote yakibaki sawa, springi inakuwa ngumu mara mbili na zaidi kidogo. Ndiyo maana rula haifai kazi hii. Tumia kalipa au maikromita, ufute grisi na kutu kwanza, upime sehemu mbili tatu. Upana wa mzunguko nao una neno lake, ila unakwenda kinyume: kadiri springi inavyopanuka ndivyo inavyolegea. Ukitoka upana wa milimita 5 kwenda 6, ukipima katikati ya waya, unabaki na nguvu isiyofika thuluthi mbili.

Kuhusu idadi ya mizunguko kuna imani potofu iliyoenea hadi kwa mafundi wazuri. Wanaona springi ni ngumu, wanaikata iwe laini. Springi iliyokatwa nusu ni ngumu mara mbili ya ile nzima. Inaonekana laini kwa sababu imekuwa fupi, hivyo haianzi kusukuma mapema. Ikianza, inasukuma kwa hasira. Ukitaka ulaini, tafuta waya mwembamba zaidi au mizunguko mingi zaidi.

Urefu wa springi ya zamani usiuamini. Iliyochoka imekwisha kupungua, na ukinunua ya urefu ule umenunua uchovu wake. Pima kina cha tundu inamokaa, pima nafasi inayobaki kipande kinachosukumwa kikifika mwisho wake, kisha hakikisha springi mpya haifikii kubanana kabisa ndani ya nafasi hiyo.

Baada ya vipimo ndipo uje kwenye madini. Kuna waya wa piano, yaani chuma chenye kaboni nyingi, wenye nguvu sana na adui mkubwa wa maji ya bahari. Kuna stenlesi. Na kuna bronzi yenye fosforasi, ambayo rili nyingi za kale zilitumia. Wengi hubeba sumaku mfukoni na kukataa springi yoyote inayovutwa, wakiamini stenlesi haivutwi. Waya wa stenlesi ukishavutwa kiwandani kuwa mgumu huvutwa na sumaku kidogo, kwa hiyo sumaku itakudanganya. Jaribio la uhakika ni bakuli la maji ya chumvi: laza springi humo usiku kucha, uitoe, uiache ikauke. Ya kaboni itajisema yenyewe kwa rangi ya kutu.

Usibadilishe madini bila kufanya hesabu. Kwa vipimo vilevile, stenlesi ni laini kuliko waya wa piano kwa karibu sehemu moja ya nane, na hilo mara nyingi linavumilika. Bronzi inabaki na nusu tu ya nguvu. Kwa bahari ya kwetu mimi nachagua stenlesi mahali popote maji yanapoweza kufika, na waya wa piano nauachia sehemu zilizozama ndani ya grisi. Springi iliyopakwa rangi ya fedha ikauzwa kama stenlesi haistahili hata bei ya mfuko wake.

Sasa ishike mkononi. Kwenye kioo cha kukuzia tafuta mikwaruzo, vishimo, na hasa alama za meno ya koleo kwenye pindo la mkia. Springi hukatikia palipokwaruzwa au palipokunjwa kwa kona kali. Mkunjo mzuri una mviringo unaoonekana. Isimamishe juu ya kioo: ya kubonyezwa iliyosagwa vizuri miisho yake husimama wima bila kuegemea upande. Halafu ibonyeze mpaka mizunguko igusane, iachie, upime urefu. Kupungua kidogo mara ya kwanza ni kawaida, na watengenezaji wengine hufanya hivyo makusudi. Rudia mara kadhaa. Ikiendelea kupungua kila ukiibonyeza, itupe, hata kama ni mpya na imetoka dukani na risiti yake.

Springi ya mkono wa waya, ule unaofunguliwa unaporusha na kujifunga unapozungusha, inahitaji jicho la peke yake. Katika rili nyingi hii ni ya kujipinda, yenye miguu miwili. Kwanza angalia imesokotwa kulia au kushoto, kwa sababu lazima kazi iikaze, isiifungue. Ikifanya kazi kwa kufunguliwa itachoka upesi hata kama waya wake ni bora. Pili, inapokazwa tundu lake la kati hupungua. Kama imekaa kwa kubana kwenye nguzo yake tangu mwanzo, itaikaba nguzo, na mkono utasita katikati. Acha nafasi.

Wapi pa kutafuta? Kalamu, viberiti vya gesi, mashine mbovu za kuchapisha, deki za kaseti na kamera za zamani zote zina springi ndogo ndogo, na fundi redio akikukaribisha kwenye debe lake la mabaki, kaa hapo mpaka ashike ufagio. Hazina ya karibu zaidi iko kwenye sanduku la mvuvi mwenyewe. Ule waya mmoja mgumu wa stenlesi unaofungiwa ndoana ili nguru asikate mshipi kwa meno ni waya wa kutosha kabisa kwa springi. Namba 8 ina unene wa karibu nusu milimita. Nyuzi nyembamba za gitaa, zile zisizozungushiwa waya mwingine, ni chuma cha kaboni cha hali ya juu, na ile nyembamba zaidi huwa karibu milimita 0.25.

Ukisokota mwenyewe, zungusha kwenye keekee nyembamba kuliko upana unaoutaka, maana waya ukiachiwa hujifungua. Usiupashe moto mpaka uwe mwekundu, kwani hapo umeua ugumu wote uliokuwa unautafuta. Waya wa kaboni ukikaa nusu saa hivi kwenye tanuri la keki lenye nyuzi 230 hutulia na kushika umbo. Stenlesi inataka zaidi ya nyuzi 300, joto ambalo majiko mengi ya nyumbani hayafiki.

Wanaobadilisha rili ili iwe na nguvu zaidi huongeza ugumu wa springi kila mahali, na hapo nawapinga. Ule ulimi unaozuia rili kurudi nyuma haubebi mzigo kwa springi. Mzigo uko kwenye jino la gia na nguzo ya ulimi. Springi kazi yake ni kuulaza ulimi mahali pake tu. Ikiwa ngumu mno inaongeza kelele na kula meno, samaki haoni tofauti yoyote. Ya kidude cha mlio vivyo hivyo: mlio mkubwa unaulipia kwa ulimi unaolika. Zile springi mbili zinazorudisha pinioni kwenye spuli katika rili za mtindo wa Senator ndizo za kuangaliwa kweli. Zikilegea, pinioni inaweza kuponyoka samaki akivuta. Zibadilishe zote mbili pamoja, kutoka waya mmoja, kwani moja ikizidi nyingine pinioni hukaa upande.

Washa zilizopinda kama sahani, zinazokaa kwenye breki, nazo ni springi. Zikilalia upande mmoja nguvu zinajumlika. Zikigeuziana matumbo breki inapanda polepole na unapata nafasi ndefu ya kuirekebisha. Kwa hiyo kabla hujazichomoa, zipige picha. Fundi akikurudishia rili yenye breki inayopanda ghafla ilhali zamani ilikuwa laini, mwombe afungue aangalie mpangilio huo kabla hajakuuzia washa mpya.

Na ile iliyokatika usiitupe. Itie kwenye kibahasha pamoja na vipande vyake, uandike jina la rili, unene wa waya, upana, idadi ya mizunguko na upande iliosokotewa. Siku ukipata ya kufaa, chukua tatu: moja ifungwe, mbili zikae kwenye kibahasha hicho hicho.