Wakala wa AI na Maduka ya Dawa ya Lindi

Zana ya kutafuta wateja watarajiwa si kazi ngumu kuiunda. Unaipa sekta na mahali, inapekua hifadhidata, inakuletea majina ya kampuni, tovuti na namba za simu. Kinachosumbua ni kuiandikia maelezo, kwa sababu atakayeyasoma ni wakala wa AI, naye akikuta pengo mara nyingi haulizi. Analijaza mwenyewe na kuendelea.

Tangu Anthropic ilipotoa itifaki ya MCP Novemba 2024, kuna namna moja inayofahamika ya kutambulisha zana: jina, maelezo ya maneno, na skima ya JSON inayotaja vigezo. Wakala haoni msimbo ulio nyuma yake. Kwa hiyo ukiandika "Hutafuta wateja kwenye hifadhidata yetu", hujasema uongo, ila hujamsaidia. Wateja wepi, walionunua tayari au ambao hawajafikiwa bado? Tuseme msambazaji wa dawa ana zana mbili, hii na nyingine ya kumbukumbu za mauzo, soma_mteja. Wakala akizichanganya, mteja wa miaka mitatu ataletewa barua ya kujitambulisha.

Maelezo yanayofaa yangekuwa hivi: "Hutafuta biashara ambazo hazijawahi kununua kwetu, kwa sekta na mkoa. Kwa mteja aliyepo tumia soma_mteja. Hairudishi namba binafsi za wafanyakazi." Sentensi ya pili na ya tatu ndizo zinazobeba mzigo, na ndizo waandishi wengi huziruka, kwa kuwa mwenye zana hupenda kusema inaweza nini.

Vigezo navyo vina mitego yake. Mahali ni rahisi: mtu akisema Kariakoo na hifadhidata inajua mikoa tu, funga kigezo kwa enum yenye mikoa 31 ya Tanzania, wakala atachagua Dar es Salaam. Sekta ndiyo yenye kazi. Mtu wa mauzo husema "maduka ya dawa" akimaanisha yote, lakini famasi na duka la dawa muhimu ni leseni mbili tofauti, na duka la dawa muhimu lina orodha yake finyu ya dawa linazoruhusiwa kuuza. Skima isipoeleza tofauti hiyo, msambazaji atapewa orodha ndefu ya wateja wasioweza kuuza nusu ya mzigo wake.

Halafu kuna jibu tupu, ambalo kwa maoni yangu lilistahili kuandikwa kabla ya kitu kingine chochote. Wakala ametafuta famasi mkoani Lindi, zana ikarudisha mabano matupu. Atamwambia bosi kuwa Lindi haina famasi. Ukweli ni kwamba hakuna aliyewahi kuingiza rekodi za huko. Zana ingerudisha maneno, "Mkoa huu haujakusanywa bado, usihitimishe kuwa hakuna biashara", mambo yangekuwa mengine. Ujumbe wa hitilafu ni vivyo hivyo. MCP inaelekeza hitilafu ya zana irudi ndani ya jibu lenyewe, ikiwa na alama ya isError, ili modeli iione na kujirekebisha. "Kikomo kisizidi 50" kinarekebishika. "Ombi batili" halimfundishi chochote.

Kishawishi ni kuandika kila kitu. Lakini maelezo ya zana hukaa kwenye muktadha wa modeli na kula tokeni hata pale zana isipoitwa, kwa hiyo yabaki mafupi, na mwongozo mrefu uwekwe kwenye faili la pembeni linalofunguliwa inapohitajika. Kisichofaa kusogezwa pembeni ni chanzo na tarehe ya kila rekodi. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na mwenye duka akiuliza namba yake imetoka wapi, lazima jibu liwepo. Kwa sababu hiyohiyo kutafuta na kutuma ujumbe ziwe zana mbili, ya pili ikisubiri mtu aidhinishe.

Wakati wa majaribio, muulize wakala kwa lugha ya mtu wa mauzo: "Nitafutie maduka ya dawa Mbeya." Kisha soma kumbukumbu ya miito kabla ya kusoma jibu. Jibu linaweza kupendeza kabisa, kumbe kigezo cha sekta kimejazwa "famasi" bila mtu yeyote kuulizwa.