Nani Amfuata Mwenziwe? Sauti Zilizonaswa katika Taarab ya Leo

Neno "kinanda" limefanya kazi nyingi katika lugha yetu. Wazee waliita kinanda ala ya nyuzi. Wakaita kinanda piano na kodiani. Na santuri ilipofika pwani, mashine yake nayo ikaitwa kinanda vilevile. Kitenzi nacho hakikuleta ubaguzi. Twapiga udi, twapiga fidla, na twapiga santuri. Mtu aliyejifunza udi kwa miaka kumi, na mtu aliyezungusha mkono wa mashine kwa nusu dakika, wote wawili wamepiga. Lugha iliweza kustahimili ulegevu huo, kama ni ulegevu, kwa sababu hapana aliyepotoshwa nao. Santuri ilikaa sebuleni au mkahawani, wapigaji walikaa jukwaani, na kila msikilizaji alijua yuko mbele ya nini.

Leo hajui. Imeenea desturi, katika tafrija za Unguja na za Dar es Salaam, ya kuweka jukwaani sauti za ala zilizonaswa kabla, mahali pa wapigaji wenyewe. Lawama juu ya desturi hiyo ni nyingi, na aghalabu zasema kwamba sauti ya mashine si sauti ya kweli. Nathubutu kusema kwamba lawama hiyo ni dhaifu. Sauti ya fidla iliyonaswa ilitoka katika fidla, chini ya upinde, mkononi mwa mtu. Kosa, kama lipo, lipo mahali pengine, na mimi sikulitambua mpaka usiku mmoja.

Miaka michache iliyopita nilialikwa katika arusi mjini Unguja. Kundi lililoletwa lilikuwa na watu wanne: waimbaji wawili wa kike, kijana wa kinanda cha umeme, na mwingine aliyeketi nyuma ya kompyuta. Hapakuwa na fidla, wala kanuni, wala nai, wala dumbaki. Walakini zote zilisikika, tena safi kuliko nilivyozisikia katika tafrija nyingi ambazo zilikuwapo. Nakiri kwamba nusu ya kwanza ya usiku niliburudika. Kisha, katika wimbo wa nne au wa tano, bibi mmoja wa makamo aliinuka katika safu za nyuma. Ubeti ule ulikuwa umemgusa, na waliomtazama walijua, ingawa si wote walijua sababu. Alikwenda kwa mwendo wa taarab, hatua mbili mbele na moja ya kusita, noti ameishika kwa ncha za vidole, mkono ameuinua. Mwimbaji, ambaye alilelewa katika mojawapo ya makundi ya zamani, alimwona, akafanya lililofanywa na waimbaji wote waliomtangulia: aliurudia mshororo wa mwisho wa ubeti ili mgeni wake afike nao. Mashine haikurudia. Iliingia katika kiitikio kwa wakati iliopangiwa, na kwa muda wa pumzi mbili tukasikia nyimbo mbili zikigombana. Mwimbaji akayameza maneno, akakikimbilia kiitikio. Bibi yule akabaki katikati ya ukumbi, mkono juu. Akaimaliza njia, akatoa noti yake, akarudi kitini kwa haraka kuliko alivyokuja.

Msomaji aweza kusema kwamba hilo ni jambo dogo. Mimi naona ndilo jambo lenyewe. Kutunza katika taarab hakukuwa malipo tu. Ni jibu. Mwimbaji amesema fumbo, na mtu mmoja kati ya mia tatu ametoka mbele za watu kukiri kwamba fumbo limemfikia, au kwamba yeye ndiye anayelirusha kwa mwingine aliyeketi safu ya pili. Jibu hilo lina mwendo wake, nao haukupimwa na mtu awaye yote kabla ya usiku huo. Bibi mwenye magoti mazito atachukua muda mrefu kuliko msichana. Aliyekosana na mwenziwe atapita mbele ya kiti chake polepole kwa makusudi. Kundi la wapigaji walio hai huyaona haya yote. Mpiga dumbaki hupunguza mkono, fidla huijaza nafasi, na ubeti hurudiwa mara ya pili na ya tatu mpaka mtunzaji amekwisha kusema lake. Kwa hiyo wimbo wa beti nne waweza kuchukua robo saa usiku huu na nusu saa usiku mwingine, na zote mbili ni kipimo chake halisi.

Ndiyo maana nimeuliza swali la kichwa cha maneno haya. Katika taarab ya wapigaji, ala humfuata mwimbaji, na mwimbaji humfuata msikilizaji. Katika taarab ya sauti zilizonaswa, mwimbaji huifuata mashine, na msikilizaji hana wa kumfuata.

Yatupasa hata hivyo tujihadhari tusiifanye taarab kuwa kitu ambacho hakikuwa kamwe. Hakuna zama ambazo ilikuwa safi, isiyokopa. Husimuliwa kwamba Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 mpaka 1888, alimpeleka mtu Misri akajifunze kanuni. Nadi Ikhwan Safaa, kundi lililoanzishwa mwaka 1905, lilijenga mtindo wake kwa kusikiliza makundi ya Kairo, na baadaye kwa kuzisikiliza santuri zao. Siti binti Saad mwenyewe, ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu uliochapwa mwaka 1958, alisafiri kwenda Bombay mwaka 1928 pamoja na wapigaji wake, na sauti zao zikanaswa huko. Upande mmoja wa santuri za wakati ule ulitosha dakika tatu hivi. Wimbo uliozoea kutembea usiku kucha ulikatwa ukatoshee katika duara la sahani, na hatuna budi kukubali kwamba mashine ilianza kumwamuru mwimbaji wetu tangu siku hiyo. Lakini Siti aliporudi Unguja, hakuichukua santuri yake barazani akaimba juu yake. Barazani aliketi na watu, na wimbo ukarudi urefu wake.

Tena uchache wa ala si kosa. Taarab ya Mombasa ilisimama muda mrefu kwa vikundi vidogo vya harmoniamu, tabla na tashkota, ala ambayo asili yake ni Japani. Na marehemu Zein l'Abdin, aliyezaliwa Lamu, hakuhitaji fidla kumi ili udi wake usikike. Anayemlaumu mpigaji wa leo kwa kuwa yuko peke yake amesahau kwamba mtu mmoja mwenye masikio anatosha.

Jambo hili halikuanza kwetu, na historia yake ya nje yaonyesha jinsi ubishi wake ulivyokuwa ukikosea njia. Mwaka 1963, mjini Birmingham katika Uingereza, kilitolewa kinanda kiitwacho Mellotron. Chini ya kila kibonyezo palikuwa na kipande cha ukanda wa sumaku chenye sauti ya fidla, au filimbi, au waimbaji wengi kwa pamoja. Kikibonyezwa, ukanda hulia kwa sekunde 8 hivi, kisha huisha. Sharti kibonyezo kiachwe, ukanda urudi, ndipo kilie tena. Hata fidla hizo za ukandani, basi, zilikuwa na kikomo cha pumzi. Chama cha wanamuziki wa nchi hiyo kilihofia kazi za watu wake. Miaka 40 baadaye, Machi 2003, wanamuziki wa majumba ya Broadway, New York, waligoma siku nne kwa sababu wenye majumba walitaka kupunguza idadi ya wapigaji, na walikuwa wamejiandaa kuweka okestra za kompyuta mahali pao. Waigizaji wakakataa kuuvuka mgomo, na maonyesho ya nyimbo karibu yote yakafungwa. Suluhu ilikuwa ya hesabu: katika majumba makubwa kabisa, kima cha chini cha wapigaji kilichokuwa 24 mpaka 26 kilishuka kikawa 18 au 19. Siudharau mgomo ule, kwa maana mkate wa watu ulikuwa ndani yake. Lakini hesabu ya vichwa haituambii kama hao 18 wamruhusiwa kumngoja mwimbaji.

Turudi kwetu. Tangu miaka ya 1990, kwa makundi kama East African Melody na Tanzania One Theatre, kinanda cha umeme kilishika mahali pa fidla na kanuni, na taarab ya rusha roho ikawatoa watu vitini. Sina ugomvi na kinanda hicho kikipigwa kwa mkono. Sauti zake ni za kunaswa, hilo ni kweli, na kwa kawaida kimepangwa kwa hatua kumi na mbili za Kizungu, hata maqam zenye robo za sauti hulazimika kukaa katika viti visivyo vyao, ingawa viko vinanda vinavyoweza kurekebishwa. Hiyo ni hasara, na sikio lililozoea udi huisikia. Hata hivyo mkono ulio juu ya kinanda humwona bibi anayeinuka. Waweza kungoja. Nimepata kuwasikia wapigaji wa kinanda waliofanya taksimu, yaani ule upigaji wa kubuni papo hapo usio na mapigo ya kuhesabu, kwa adabu na subira ambayo mpiga kanuni asingeionea haya.

Mapigo ya ngoma yatokayo mashinani ni tatizo la kati: hayabadili mwendo, lakini kidole chaweza kuyasimamisha. Ama pale wimbo wote umekwisha kunaswa, kuanzia bashrafu mpaka kiitikio cha mwisho, na pengine sauti ya mwimbaji mwenyewe imo ndani, hapo sioni tafrija. Vijana wa Bongo Fleva huita jambo hilo pleibeki, na nawasifu angalau kwa kulipa jina, kwa maana sisi wa taarab tunalifanya na kuendelea kuliita kupiga.

Sababu za kulifanya nazijua. Kundi kubwa la mtindo wa Kimisri laweza kuwa na watu thelathini. Watu hao wanakula, wanapanda boti, wanataka viti na vipaza sauti. Mwenye arusi ana bajeti yake, na hatuna haki ya kumdai agharimie urithi wa taifa katika siku ya binti yake. Lakini katika hesabu hiyo kuna mtu mmoja asiyehesabiwa, naye ni kijana wa kiti cha mwisho. Katika kundi lenye fidla nane, fidla ya nane yaweza kuwa mbovu kidogo bila kuuharibu usiku. Hapo ndipo mwanafunzi aliketi, akasikia, akakosea kwa sauti ndogo, na baada ya miaka akasogea mbele. Mashine haina kiti cha mwisho. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa Unguja mwaka 2002, kimefundisha vijana kanuni, udi na fidla, na tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, limeshika sharti la muziki upigwao papo hapo. Yote mawili ni mema. Lakini chuo hufundisha vidole, na tamasha huja mara moja kwa mwaka. Kumngoja mtunzaji hufundishwa arusini tu.

Sisi tuandikao katika majarida kama hili tuna lawama yetu. Tumeichambua taarab miaka mingi kama ushairi: tumehesabu mizani, tumefuata vina, tumefumbua mafumbo, na tumeyachapa maneno kana kwamba yaliimbwa mara moja tu kila mshororo. Nimezipitia nakala zangu mwenyewe za nyimbo nilizonakili ukumbini zamani, na hakuna hata moja ambamo nimeandika ni ubeti gani ulirudiwa, mara ngapi, na kwa ajili ya nani. Nilikuwa nikiufuta usiku na kuhifadhi maandishi. Mwenye kompyuta afanyaye vivyo hivyo kwa sauti ameniiga mimi.

Nimeanza kuyarekebisha hayo katika nakala mpya kwa kutia alama pembeni kila palipo na marudio. Limebaki suala la istilahi. Mpiga fidla mmoja mzee wa Unguja aliniambia kwamba yeye husema ala "imemwitikia" mwimbaji, au "haikumwitikia", na kwamba kwake santuri hulia, haiitiki. Ningefurahi kujua kutoka kwa wasomaji wa Lamu, Mombasa, Tanga na Pemba kama tofauti hiyo husemwa huko, na kwa maneno gani.